Kasha la Kerezo

Kerezo iliingia Luanda siku ya soko
kwa lori lililokwama mara mbili kabla ya lango letu.
Tukalisukuma: walimu, kidato cha tatu,
na wauza omena wawili waliodhani tumeleta jeneza la chifu.
"Ruzuku," alisema mwalimu mkuu,
akilionja neno kama mchuzi wa wageni.

Fomu niliijaza mimi.
Kurasa kumi na tisa, usiku, mtoto akikohoa chumba cha pili.
Taja walengwa. Nikataja mia moja na kumi na wawili.
Taja hatari zinazotarajiwa. Nikaandika: mvua.
Sikuandika stima.
Nani huandika stima, na waya unapita juu ya paa lake?

Kumbe mashine inataka fezi tatu.
Waya wetu, maskini, una moja,
ya balbu na kengele.
Watu wa stima wakaja, wakaitazama nguzo,
wakataja bei
iliyomfanya Bwana Opanga wa uhasibu
avue miwani, aifute, asome tena.
Bei haikufutika.

Basi ikakaa.
Kuku wa mlinzi akataga pale pa kubania chuma,
mayai saba, akaangua sita.
Ndiyo kazi ya kwanza kutoka kwenye mashine yetu.

Na mimi, niliyewaimbia watoto kila muhula
kwamba mchagua jembe si mkulima,
nikamaliza mwaka nikichagua umeme,
na wanafunzi kumi na wanane wa ufundi
wakigombea tupa tatu, moja kipara.

Ni Rodah Amukowa aliyeuliza,
"Mwalimu, hili kasha lina mwenyewe?"

Kasha! Sikuwa nimeliona.
Msonobari mtupu, mbao nene kama kitabu cha hesabu,
zimegongwa mihuri ya bandari tusizozijua.
Fomu ilisema vifungashio vitatupwa kwa kujali mazingira.
Nikamwambia, tupa.

Akapima kwa uzi wa sweta, futikamba ikiwa imeibwa Februari.
Wakang'oa misumari, wakainyoosha juu ya mwamba nyuma ya jikoni,
huku Bunyore hatukosi mawe,
na zile mbao zikawa
meza mbili, kabati la maabara,
na mlango wa choo cha wasichana,
palipokuwa na gunia tangu sijaajiriwa.
Alama ya bilauri hakuipiga randa.
Iko pale hadi leo, usawa wa macho:
kilichomo ndani huvunjika.

Mwezi wa saba akaja mgeni wa mfadhili
na kamera, na viatu vya kukwea mlima.
"Naomba kuiona ikifanya kazi."
Mwalimu mkuu akameza mate.
Rodah akaishika kerezo kwa mikono miwili, akaizungusha;
ikazunguka kimya, imelainishwa kwa mafuta ya kupikia.
Mgeni akapiga picha moja. Akaomba choo.

Alikawia.
Aliporudi akauliza, "Ule mlango ni wa ruzuku?"
"Hapana!" akasema Opanga, mbio mbio,
maana kuna kifungu kuhusu mali ya mradi.
"Ni wa kasha," nikasema mimi.
Akaandika kitu kirefu. Sikukiona.

Sasa ni Novemba, ripoti iko mbele yangu.
Idadi ya vipuri vilivyochongwa: sufuri.
Nimeiandika vizuri, duara kamili, sina la kuficha.
Pembeni, pasipo na kisanduku,
nimeanza sentensi juu ya mlango, nimeifuta, nimeianza tena.

Asubuhi Rodah alipita kabla ya mtihani
akaweka tupa mezani, bado ina karatasi yake.
Pesa za mlango wa tatu, alisema;
mama muuza mitumba alilipa taslimu.
Akaondoka bila kungoja asante.

Kerezo inangoja fezi zake mbili.
Kuku amerudi.